Ardhi Iliyofichwa na Ukungu: Wapolandi wa Kusini mwa Brazili

Barua inaanza kwa kumsifu Yesu Kristo, kisha inatulia kidogo, kama vile inamngoja msomaji aliye ng'ambo ya bahari aitikie "milele, amina" kabla habari haijaendelea. Nililelewa katika nyumba ya Kikatoliki ambamo mgeni hakuvuka kizingiti bila "Tumsifu Yesu Kristo", kwa hiyo nilipokutana na mwanzo huo katika barua za wakulima wa Kipolandi waliohamia Brazili mwaka 1890 na 1891, niliona nawafahamu watu hao hata kabla ya kufika mstari wa pili. Usiku huohuo nilikuwa nimefungua pia amri namba 528 ya serikali ya Brazili, ya tarehe 28 Juni 1890. Kifungu chake cha kwanza kinasema kwamba bandari za Jamhuri ziko wazi kabisa kwa kila mtu mwenye afya na uwezo wa kufanya kazi ambaye hakabiliwi na mashtaka ya jinai nchini kwake, isipokuwa wenyeji wa Asia na Afrika, ambao wataingia tu kwa idhini ya Bunge.

Nilikisoma kifungu hicho tena, kisha nikarudi kwenye barua.

Tangu usiku huo majuma yamepita, na maandishi hayo mawili bado yanagombana kichwani mwangu. Aliyeandika barua ni maskini ambaye ningempa maji na kiti bila kumuuliza kitu. Amri iliyomfungulia bandari ndiyo iliyomfungia mtu wa rangi yangu, mwaka uleule, kwa kalamu ileile. Sikuweza kumpenda mmoja nikajifanya sikuisoma nyingine.

Waliotoka chini ya makabaila

Polandi ilikuwa imekwisha kugawanywa na majirani zake watatu, Urusi, Prusia na Austria, kufikia mwaka 1795, na haikurudi kwenye ramani hadi 1918. Mtu aliyepanda meli huko Bremen aliandikwa Mrusi, Mwaustria au Mjerumani kufuatana na dola iliyotawala kijiji chake, na ndiyo sababu hesabu za wahamiaji hao hupishana hadi leo. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu 100,000 walioingia Brazili kabla ya 1914. Kundi la kwanza lilitoka Silesia likafika Brusque, katika jimbo la Santa Catarina, mwaka 1869, na miaka miwili baadaye likahamia Pilarzinho, kando ya mji wa Curitiba katika jimbo la Paraná, kwa juhudi za Sebastian Edmund Woś Saporski. Hao walikuwa wachache. Wimbi kubwa, lile ambalo Wapolandi wenyewe waliliita homa ya Brazili, lilivuma mwaka 1890 kutoka upande uliotawaliwa na Urusi, na la pili likafuata katikati ya muongo huo kutoka Galicia, iliyokuwa chini ya Austria.

Kilichonisimamisha katika historia yao ni umri wao. Mzee wa miaka 50 aliyeshuka bandari ya Paranaguá mwaka 1890 alikuwa na miaka 24 Mfalme wa Urusi alipomaliza ukabaila katika vijiji vya Polandi, mwaka 1864. Alizaliwa na kukulia chini ya mfumo ambao mkulima hakuwa na mamlaka kamili juu ya ardhi aliyoilima, na familia yake iliwajibika kwa bwana mwenye shamba kwa kazi au kwa malipo. Baada ya hapo alipata kipande cha ardhi, akakigawa kwa wanawe, nao wakakigawa tena, mpaka kikawa hakitoshi hata kwa viazi vya msimu mmoja. Huyo ndiye aliyemsikiliza wakala wa meli alipopita kijijini akisema kwamba Brazili nauli inalipwa na serikali na ardhi ipo ya kutosha.

Kulikuwa na hadithi pia. Huko Galicia ilisimuliwa kwamba nchi ya Paraná ilikuwa imefichwa na ukungu tangu mwanzo wa dunia, hakuna aliyeijua, mpaka Mama wa Mungu alipoona dhiki ya wakulima wa Kipolandi akaufukuza ukungu huo na kuwaambia waende wakakae huko. Wengine walisimulia kwamba Rudolf, mwana wa Kaizari wa Austria aliyekufa mwaka 1889, hakufa kamwe. Alikuwa Brazili akijenga ufalme usio na mabwana. Mtu akitaka kuzicheka hadithi hizi afikirie kwanza ni watu wa namna gani wanaohitaji kuambiwa kwamba mahali fulani duniani hakuna mabwana.

Barua zenyewe

Serikali ya Urusi haikufurahia kuona vijiji vinahama. Barua kutoka Brazili na Marekani zilizuiliwa na wakaguzi, na zile zilizohukumiwa kuwa za hatari kwa sababu ziliwaita ndugu, au kwa sababu zilibeba tiketi za meli, hazikufikishwa kwa wenyewe. Ziliwekwa kwenye makabrasha. Nusu karne hivi baadaye mwanahistoria Witold Kula alizikuta Warszawa katika jumba la nyaraka, akaanza kuzinakili wakati mji uko chini ya Wanazi. Mwaka 1944, katika maasi ya Warszawa, sehemu kubwa ya barua hizo iliteketea. Zilizonusurika, pamoja na nakala, zilichapishwa mwaka 1973.

Maana yake ni kwamba barua tunazoweza kuzisoma ni zile hasa zilizozuiliwa. Zile ambazo mama alizipokea, akasomewa na jirani anayejua kusoma, akazilowanisha kwa machozi na kuziweka nyuma ya picha ya Bikira Maria, nyingi zimepotea kama zinavyopotea barua za nyumbani popote. Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu. Mwana aliandika, akangoja, akadhani nyumbani wamemsahau. Nyumbani nao walidhani amekufa au amewakana. Wote walikuwa hai, na karani alikuwa na barua mkononi.

Kwa siku nyingi nilitaka makala hii iishie hapo. Ingekuwa makala nzuri, yenye huruma, na yenye uongo ndani yake.

Reli ya kupandia mlima

Kutoka Paranaguá, kwenye usawa wa bahari, mpaka Curitiba, iliyo juu ya mita 900, kuna ukuta wa milima uitwao Serra do Mar. Walowezi wa miaka ya 1890 waliupanda kwa treni, juu ya reli iliyofunguliwa mwaka 1885, inayopita katika mahandaki na madaraja yaliyoning'inia juu ya makorongo ambayo hata leo watalii hulipa ili wayatazame. Njia ya reli hiyo ilipangwa na mhandisi Antônio Rebouças, aliyekufa mwaka 1874 kabla haijaanza kujengwa. Antônio na kaka yake André, naye mhandisi, walikuwa watu weusi, na bibi yao mzaa baba alikuwa mtumwa aliyepata uhuru wake.

André ndiye aliyenipindua mawazo. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za kufuta utumwa, na katika miaka ya 1880 alisisitiza kwamba kumwachia mtu huru bila ardhi ni nusu ya kazi. Mashamba makubwa yagawanywe, walioachwa huru wapate viwanja vyao, na mkulima mdogo awe ndiye nguzo ya nchi. Utumwa ulifutwa tarehe 13 Mei 1888 kwa sheria yenye vifungu viwili: cha kwanza kinasema utumwa umekwisha, cha pili kinafuta kila sheria inayopingana na hiyo. Juu ya ardhi hakuna neno. Mwaka uliofuata ufalme ukapinduliwa, André akaondoka na familia ya kifalme, akatangatanga Ulaya na Afrika, na mwaka 1898 akakutwa amekufa chini ya jabali huko Funchal, kisiwani Madeira.

Miaka miwili baada ya sheria ile ya vifungu viwili, serikali mpya ikatoa amri namba 528.

Mkulima mdogo aliyeotwa na André alikuja kweli. Alipandishwa mlima kwa reli iliyochorwa na Antônio, akapewa kiwanja msituni, mara nyingi cha hekta 25 hivi, alipe kwa mafungu. Ila hakutoka jimbo la Bahia lenye weusi wengi, wala hakutoka katika vibanda vya watumwa vya Paraná yenyewe. Alitoka ng'ambo, kwa sababu wakubwa wa nchi walitaka Brazili iwe nyeupe na hawakulificha jambo hilo. Mwaka 1911 mwakilishi wao, João Batista de Lacerda, alisimama katika mkutano wa kimataifa jijini London akatabiri kwamba baada ya karne moja weusi watakuwa wametoweka Brazili.

Je, mkulima kutoka Mazovia, huko Polandi, aliyajua haya? Siamini. Aliuona msitu, deni na mvua. Waliofika walilazwa mabandani kwa miezi wakingoja wapima ardhi. Huko Cruz Machado, mwaka 1911, homa ya chawa (tifasi) iliua Wapolandi wengi kabla hawajavuna hata mara moja. Walipata fedha za kwanza kwa kuchonga barabara za serikali kwa sururu, na ukiwatazama kwenye picha wakiwa na sururu hizo, ukaficha nyuso zao, ungeweza kudhani ni manamba wanaelekea mashamba ya mkonge ya Tanga.

Hata hivyo manamba hakuahidiwa hati ya ardhi. Tofauti hiyo ndiyo yote.

Wazungu wa daraja la chini

Ingekuwa rahisi kama Wapolandi wangepokelewa kama mabwana. Hawakupokelewa hivyo. Katika Paraná walidharauliwa na Wabrazili wa asili ya Kireno na hata na Wajerumani waliowatangulia; walichekwa kwa ulevi, kwa ujinga, kwa kutembea pekupeku na kuuza mboga na kuni kwenye mikokoteni mitaani Curitiba. Waliitwa watu wasio na bendera. Kulikuwa na msemo uliosema Mpolandi ni mtu mweusi aliyegeuzwa ndani nje. Katikati ya karne ya 20 mwanasosholojia Octavio Ianni alipochunguza ubaguzi huko Curitiba, aliwachunguza weusi na Wapolandi, kwa sababu dharau za mji ziliwaangukia wote wawili, ingawa hazikuwa na uzito sawa.

Nilipousoma msemo ule mara ya kwanza nilijaribiwa kusema: basi, walikuwa wenzetu. Kisha nikauliza msemo huo unamtukana nani. Unamtukana Mpolandi kwa kumfananisha na mtu ambaye tayari yuko chini kabisa. Mpolandi anaweza kuukataa kwa kupanda ngazi, na wajukuu wake wengi wamepanda. Aliyetumiwa kama kipimo cha tusi amebaki kipimo.

Kisha ukaja utawala wa Rais Getúlio Vargas wa Brazili, na hapa huruma yangu haina masharti. Wahamiaji walikuwa wamejijengea shule zaidi ya 300 kwa mifuko yao wenyewe, kwa sababu serikali haikuwafikishia shule msituni, na walikuwa na magazeti yao tangu mwaka 1892. Mwaka 1938 zilitoka amri zilizotaka shule zote za mashambani zifundishe kwa Kireno peke yake, na lugha za kigeni zisifundishwe kwa watoto walio chini ya miaka 14. Shule zikafungwa au zikachukuliwa, magazeti yakanyamazishwa, na wakati wa vita mtu aliweza kukamatwa kwa kuongea lugha ya nyumbani hadharani. Familia zilifukia vitabu vya sala ardhini. Mtoto alikwenda shule akaadhibiwa kwa lugha ya mama yake, mama ambaye mwenyewe huenda aliadhibiwa na walimu wa Kirusi au wa Kiprusia kwa lugha hiyohiyo.

Miaka hiyohiyo, na hili linanichekesha kwa uchungu, kule Warszawa kulikuwa na Ligi ya Bahari na Makoloni iliyodai kwamba Polandi nayo ipate makoloni yake kama Uingereza na Ufaransa. Ilinunua ardhi Paraná ikaanzisha makazi yaliyoitwa Morska Wola, na macho yake yalitazama hadi Liberia. Taifa lililogawanywa kama nyama kwa miaka 123 halikuchukua hata miaka 20 kuanza kutazama sahani za wengine.

Miaka michache baadaye maelfu ya Wapolandi walifika Tanganyika, wakiwa hawana koloni wala nyumba. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia na Kazakhstan, wakapitia Iran, na tangu 1942 karibu 5,000 kati yao, wengi wao wanawake na watoto, waliishi katika kambi ya Tengeru karibu na Arusha. Makaburi yao yapo hadi leo. Hawakuomba hati za mashamba, na vita vilipokwisha wengi waliondoka. Nikiweka Tengeru kando ya Paraná naona kwamba tabia ya Wapolandi haitoshi kueleza kilichotokea; kinacholeta tofauti ni kazi ambayo serikali iliyowapokea ilitaka waifanye.

Nyuma ya ukungu

Hadithi ya Bikira Maria na ukungu ina tatizo moja, nalo ni kwamba ukungu ulipoondoka watu walikuwepo.

Walikuwepo Wakaingang na Waxokleng, waliokula mbegu za msonobari wa Paraná majira ya baridi, wakawinda na kuhama kati ya nyanda za juu na mabonde. Mipaka ya viwanja vya walowezi ilichorwa juu ya mapito yao. Huko Santa Catarina serikali na makampuni ya ardhi walitumia makundi ya wawindaji wa watu, walioitwa bugreiro, waliozivizia kambi za Waxokleng alfajiri na kuua waliolala. Walowezi nao walivamiwa mashambani wakauawa, wakiwemo Wapolandi wa koloni la Lucena, lililoanzishwa katika miaka ya homa ile ya Brazili. Mwaka 1914 kundi moja kubwa la Waxokleng lilikubali kukutana kwa amani na maofisa wa serikali, likapewa eneo la kukaa, na eneo hilo likaendelea kumegwa kwa miongo iliyofuata.

Katika Bosque do Papa, bustani iliyofunguliwa Curitiba baada ya Papa Yohane Paulo wa Pili kutembelea mji huo Julai 1980, zimesimamishwa nyumba za magogo zilizohamishwa kutoka makazi ya zamani ya walowezi. Magogo ni ya msonobari uleule. Yamechongwa ncha zake kwa shoka ili yashikane pembeni bila misumari. Moja ya nyumba hizo ni kanisa dogo la Bikira Maria, Mama Mweusi wa Częstochowa. Ni kazi ya mikono ya kuheshimiwa, na anayezitazama anaelewa jinsi mtu aliyefika na shoka na watoto alivyoishinda baridi ya kwanza. Lakini nyumba hizo zinasimulia habari za mtu na msitu tu, kana kwamba hapakuwa na mtu wa tatu.

Vizazi vilivyofuata havikubaki ndani ya magogo. Mshairi Paulo Leminski, aliyezaliwa Curitiba mwaka 1944, alikuwa na baba wa asili ya Kipolandi na mama mwenye asili ya Kiafrika, yaani alikuwa ndani ya ngozi yake ile ndoa ambayo amri namba 528 isingependa kuiona. Jaime Lerner, meya aliyeanzisha mabasi ya njia maalumu Curitiba mwaka 1974, ambayo mwendokasi wa Dar es Salaam ni mjukuu wake, alizaliwa na Wayahudi waliotoka Polandi. Wazao wa Wapolandi nchini humo wanakadiriwa kuwa kati ya milioni moja na milioni tatu, na katika baadhi ya wilaya, kama Áurea kule Rio Grande do Sul, Kipolandi sasa kimetambuliwa kisheria kando ya Kireno. Lugha iliyofukiwa imefukuliwa, nami nalifurahia hilo bila kinyongo.

Kesi ya Itaiópolis

Lucena siku hizi inaitwa Itaiópolis. Ni miongoni mwa wilaya nne ambamo imo ardhi ya Waxokleng iitwayo Ibirama-Laklãnõ. Wizara ya Sheria iliitambua mwaka 2003 kuwa na hekta 37,000 hivi, wakati Waxokleng walikuwa wamebaki wamebanwa katika hekta 14,000 hivi. Na kesi ya ardhi hiyo ndiyo iliyofika Mahakama ya Juu ya Brazili kujibu swali kama wenyeji wa asili wanaweza kudai ardhi ambayo hawakuwa juu yake siku katiba ya sasa ilipotangazwa, tarehe 5 Oktoba 1988. Tarehe 21 Septemba 2023 majaji walisema wanaweza, kwa kura 9 dhidi ya 2. Siku chache baadaye wakaongeza kwamba mkulima aliyeipata ardhi hiyo kwa nia njema anaweza kulipwa fidia. Kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria inayorudisha kizuizi kilekile cha 1988, na mgogoro unaendelea.

Nafikiria shamba dogo katika eneo hilo. Mwenye shamba ana hati. Babu wa babu yake aliilipia ardhi kwa mafungu, kwa fedha za sururu na za mahindi, na serikali ikampa stakabadhi yenye muhuri. Hakuna sehemu ya ununuzi huo alipodanganya. Muuzaji ndiye aliyeuza mali ya mtu mwingine, akijua, na alikuwa amelipa wawindaji kuhakikisha mwenyewe hatarudi.

Wapo wanaosema tuyaache yaliyopita kwa sababu mkulima huyu hana hatia, na wapo wanaosema aondoke kwa sababu yuko juu ya mifupa. Mimi nimefika hapa: kutokuwa na hatia kwake kunamstahilisha fidia kamili, ya ardhi na ya kila alichokijenga juu yake, ila hakumpi haki ya kubaki na mali isiyo yake. Ardhi irudi kwa Waxokleng. Fedha zitoke katika hazina ya serikali iliyopokea mafungu yale, moja baada ya jingine, na kutoa stakabadhi.